Sanduku la Maswali: Ndege za zamani zinazoendelea kuruka

Safari hii tumechagua barua za wamiliki na mafundi wa ndege zilizoundwa kabla ya 1950. Baadhi tumezifupisha. Vipimo tunavyotaja ni vya kawaida kwa aina hizo za ndege. Kitabu cha ndege yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Propela iligoma, tukairudisha nyuma

*Injini yetu ni Pratt & Whitney R-1340, ile ya silinda 9 zilizopangwa kama nyota. Kabla ya kuwasha huwa tunaizungusha propela kwa mkono. Juzi ilikwama ghafla. Mwenzangu akairudisha nyuma kidogo, ikalegea, tukawasha na injini ikanguruma vizuri tu. Anasema hata mafundi wa zamani walifanya hivyo. Ni sawa?*

Si sawa, na tunaomba ndege hiyo isiruke mpaka silinda za chini zikaguliwe.

Injini ya nyota inapokaa, oili huteremka polepole kupita kwenye ringi za pistoni na kujaa kwenye silinda zilizoelekea chini. Ukihesabu kwa kutazama injini kutoka nyuma, namba 1 ikiwa juu kabisa na hesabu ikienda upande wa saa, silinda 5 na 6 ndizo za chini kabisa, na 4 na 7 zinafuatia. Pistoni ikipanda na valvu zote mbili zimefungwa, hewa ingebanwa, lakini oili haibaniki. Kitu kinachokubali kupinda hapo ni konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki.

Mlipoirudisha propela nyuma, oili haikutoweka. Ilisukumwa kupitia valvu ya kuingizia hewa ikaingia kwenye bomba lake, na huko ikakaa ikisubiri. Injini ikishawaka huivuta tena ndani ya silinda, safari hii kwa kasi na kwa nguvu ya silinda nyingine zinazowaka. Konrodi iliyopinda kidogo haisemi kitu siku hiyo. Injini huenda kama kawaida, kisha konrodi hukatika baada ya saa kadhaa za kuruka, na hapo hakuna anayekumbuka ile asubuhi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Zima swichi za magneto (vifaa vinavyozalisha cheche za plagi), funga petroli, weka kidhibiti cha mchanganyiko wa petroli na hewa kwenye kukata kabisa, na throto, yaani kidhibiti cha nguvu, iwe imefungwa. Hata hivyo ichukulie propela kana kwamba injini inaweza kuwaka wakati wowote, kwa sababu waya wa kuzimia magneto ukikatika, magneto hubaki hai hata swichi ikiwa imezimwa. Vuta kwa mwelekeo wa kawaida wa mzunguko tu, taratibu, huku ukisikiliza mkono wako. Kranki inahitaji mizunguko miwili kamili ili kila silinda ipitie mgandamizo wake. Kama propela ina mapanga mawili na imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, hiyo ni mapanga 4. Sisi tungevuta 8. Kwenye injini zenye gia hesabu hubadilika. Injini ya R-1830 ya ndege ya DC-3, kwa mfano, huwa na gia ya 16:9, yaani kranki ikizunguka mara 16 propela huzunguka mara 9, na kwa propela yake ya mapanga matatu mizunguko hiyo miwili ya kranki hupita mapanga 3 na kidogo, kwa hiyo 9 hadi 12 ni kiasi cha kutosha.

Ikigoma, simama hapo hapo. Usisukume wala usirudishe. Fungua plagi moja katika kila silinda ya chini, weka chombo, acha oili itoke, kisha zungusha tena mbele plagi zikiwa nje. Kama mabomba ya chini ya kuingizia hewa yana vizibo vya kumwagia, fungua navyo. Usitumie stata kutafuta kama kuna oili. Mkono unahisi, stata haihisi.

Kwa ndege yenu, pimeni kimo cha pistoni ikiwa juu kabisa, kupitia tundu la plagi, na mlinganishe silinda za chini na nyingine. Iliyo na konrodi iliyopinda haitafika juu kama wenzake. Kukiwa na shaka yoyote silinda ifunguliwe, kwa kuwa gharama ya kufungua silinda moja haikaribii ya injini nzima.

Ili oili ipungue kuteremka, kabla ya kuzima iache injini kwenye mizunguko 1,000 hivi kwa dakika kwa nusu dakika, pampu ya kurudishia iondoe oili kwenye tumbo la injini. Kagua pia valvu inayozuia oili ya tangi isishuke yenyewe kwenye injini. Wapo wanaoweka koki ya kufunga bomba la oili. Hatuipendi. Siku itakaposahauliwa kufunguliwa, injini itakufa kabla rubani hajaisoma geji. Anayeing'ang'ania aiunganishe na mfumo wa kuwasha, injini isiwake kabisa koki ikiwa imefungwa.

Kuiwasha kila wiki bila kuruka

*Ndege yetu haitaruka kwa miezi minne kwa sababu ya matengenezo ya bawa. Je, tuiwashe injini dakika 10 kila Jumamosi ili isishike kutu?*

Hapana. Huko ndiko kuipa kutu chakula. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mwingi hutoka na moshi, lakini sehemu hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye tumbo la injini. Oili inahitaji kufika nyuzi 80 za Selsiasi hivi na kukaa hapo nusu saa au zaidi ili maji hayo yageuke mvuke na kutoka. Dakika 10 ardhini hazifiki huko, hivyo kila Jumamosi mtaongeza maji na tindikali ndogo ndogo, kisha mzime.

Kuzungusha propela kwa mkono kila wiki "ili oili isambae" nako hakusaidii. Pistoni hupangusa utando wa oili uliobaki ukutani mwa silinda na pampu haizunguki vya kutosha kurudisha mwingine. Kuvuta propela kabla ya kuwasha ni jambo jingine, kama tulivyoeleza hapo juu.

Kwa miezi minne, ihifadhini. Badilisheni oili muweke ya kuhifadhia, injini ifanye kazi hadi ipate joto kamili, halafu mnyunyizie oili hiyo ndani ya kila silinda kupitia tundu la plagi. Mahali pa plagi wekeni vizibo vyenye silika jeli. Jeli hiyo ni ya buluu ikiwa kavu na hugeuka pinki ikijaa unyevu. Kagueni kila wiki mbili, na ikigeuka badilisheni. Zibeni bomba la moshi, la hewa na la kupumulia, kila kizibo kiwe na utepe mwekundu unaoonekana kutoka mbali. Kwenye propela tundikeni kibao: USIZUNGUSHE.

Kitambaa kina miaka 20 na bado kinang'aa

*Bawa la ndege yangu lilivikwa kitambaa cha poliesta miaka 20 iliyopita. Rangi haina ufa. Fundi anataka kukifungua, mimi naona ni kutupa fedha. Nani ana haki?*

Fundi wako, ila pengine si kwa sababu uliyoidhania.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Adui wa poliesta ni mwanga wa jua, na kinachoikinga ni tabaka la rangi ya fedha lililo chini ya rangi ya juu, yaani dopi (umajimaji wa kupaka kitambaa) yenye unga wa aluminiamu. Usiku, au hanga likiwa na giza, ingiza taa yenye nguvu ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi. Ukiona mwanga unapenya kwenye kitambaa, tabaka hilo ni jembamba mno na nyuzi zimekuwa zikiungua miaka yote hiyo. Rangi ya juu haikwambii lolote kuhusu hilo, kwa sababu rangi hubaki nzuri juu ya nyuzi zilizokufa.

Kwa nguvu, kipimo cha zamani ni pamba ya daraja A: ikiwa mpya hustahimili ratili 80 kwa kila inchi ya upana, na ikishuka chini ya 56, yaani asilimia 70, huondolewa. Ndege ndogo za mwendo wa chini ziliruhusiwa kitambaa chepesi zaidi, cha ratili 65, kinachokataliwa chini ya 46. Poliesta nayo hupimwa kwa kiwango cha kitambaa ambacho ndege iliundwa nacho. Hairuhusiwi kusema "poliesta ni imara kuliko pamba" ukaishia hapo. Chukua kipande cha kujaribu kutoka upande wa juu wa bawa, mahali penye rangi nyeusi zaidi, maana hapo ndipo joto na jua hufanya kazi kubwa.

Sasa sababu ya pili, ambayo kwetu ndiyo kubwa. Pamba ilichakaa baada ya miaka michache, na kila ilipochakaa mmiliki alilazimika kulifungua bawa, akaona boriti, gundi, mbavu na nyaya. Poliesta imetuondolea kero hiyo, na pamoja nayo imetuondolea ukaguzi. Leo kuna mabawa ambayo kitambaa chake ni kizima kuliko mbao iliyo ndani. Kwa ndege ya mbao iliyokaa miaka 20 bila kufunguliwa, tungelifungua bawa hata kama kitambaa kingefaulu kila jaribio.

Mkivika upya: joto la pasi hupanda kwa hatua, kwa kawaida nyuzi 121, kisha 149, kisha 177 za Selsiasi. Pasi ipimwe kwa kipimajoto halisi. Namba za kwenye kitufe chake ni za kubahatisha. Ukipita sana 177 kitambaa hulegea na hakitakaza tena. Ukikaza bawa jepesi kwa pupa, ukingo wa nyuma unapinda. Kama mnatumia dopi, ya naitreti hutangulia kwa sababu hushika vizuri kwenye nyuzi, na ya butireti huja juu yake. Kinyume chake hakishiki. Naitreti hushika moto kwa urahisi wa kutisha, hata kwa cheche ya umeme tuli, kwa hiyo ndege na chombo cha dopi viunganishwe na ardhi kwa waya. Na matundu ya kutolea maji, kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila chumba kati ya mbavu, yawe wazi kweli. Tumeyaona yamepakwa rangi juu, yanaonekana kama matundu na hayapitishi tone.

Plagi za Cub zinajaa vipande vya madini ya risasi

*Nina Piper J-3 Cub yenye injini ya Continental A-65. Natumia petroli ya ndege ya 100LL. Plagi za chini hujaa chembe za kijivu. Je, naweza kutumia petroli ya magari?*

A-65 iliundwa kwa petroli ya oktani ndogo. Petroli ya 80/87 iliyoenea zamani ilikuwa na risasi isiyozidi gramu 0.14 kwa lita; 100LL inaruhusiwa hadi 0.56, mara nne yake. Neno "risasi kidogo" katika jina lake (LL, kwa Kiingereza "low lead") linalinganishwa na petroli nyingine yenye risasi nyingi zaidi, si na ile injini yako iliyokusudiwa. Injini yenye mgandamizo mdogo haina joto la kutosha kuifukuza yote, nayo hutua kwenye plagi za chini.

Usiiache injini ikisinzia chini ya mizunguko 1,000 kwa muda mrefu. Kabla ya kuzima, ipandishe kwa dakika moja hivi hadi 1,200. Badilishana plagi za juu na za chini kila ukaguzi, na chembe zing'olewe kwa kijiti chembamba, si kwa kupiga mchanga hadi kauri inalika. Kiongezeo cha petroli kiitwacho TCP husaidia kama kimeruhusiwa kwa injini yako.

Petroli ya magari inahitaji idhini ya maandishi kwa mfano huo wa ndege na wa injini, na isiwe na ethanoli. Kwenye Cub tatizo ni la karibu sana: kipimo cha petroli kwenye pua ni waya uliosimama juu ya boya la gome jepesi kama la vizibo vya chupa, na vanishi ya shelaki iliyopakwa maboya mengi ya zamani huyeyuka kwenye alkoholi. Boya likilowa huzama, na vipande vyake huelekea kwenye chujio.

Kupima ethanoli ni rahisi. Chukua chupa ndefu ya kioo yenye alama, weka mililita 10 za maji, ongeza petroli hadi 100, tikisa, iache itulie. "Maji" yakisoma zaidi ya 10, kilichoongezeka ni alkoholi iliyotoka kwenye petroli. Mwaga.

Petroli inalowesha bawa, tunaziba, inarudi

*Ndege yetu ya chuma, ya 1946, ina tangi ndani ya bawa. Karibu na kiungo cha bawa na kiwiliwili kunalowa. Tumeziba mara tatu kwa sealanti. Tutumie ipi nyingine?*

Msitumie nyingine yoyote. Mahali panapovuja mara tatu pameshawaambia kwamba kuna kitu kinachotembea. Tarehe 19 Desemba 2005, ndege ya majini aina ya Grumman Mallard iliyotengenezwa 1947 ilipoteza bawa la kulia muda mfupi baada ya kuruka pwani ya Miami, na wote 20 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa metali kwenye bawa, na uvujaji wa petroli uliokuwa ukizibwa mara kwa mara ulikuwa dalili yake.

Ondoeni petroli, tangi lipitishwe hewa hadi lisiwe na mvuke, kisha kwangueni sealanti yote ya zamani mpaka metali tupu. Tazameni kwa lenzi ya kukuza mara 10. Halafu rangi ya kupenya: safisha, paka, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, nyunyiza poda, na ufa utajichora mstari mwekundu. Ufa ulio chini ya kipande cha juu hauonekani kwa njia hiyo. Hapo panahitaji kipimo cha mkondo wa umeme na mtu aliyefuzu kukisoma. Mstari mweusi unaofuata nyuma ya riveti, kama moshi, maana yake riveti inacheza na kujisaga. Hesabuni pia saa za maisha ya ndege na kazi ilizofanya. Saa 5,000 za kutua majini au za kunyunyiza dawa mashambani si sawa na 5,000 za kwenda na kurudi kwa utulivu.

Gundi ya maziwa

*Nimeambiwa ndege yangu ya 1938 ina gundi ya kasini. Nihofu?*

Ikiwa imekaa kavu, inaweza kuwa nzima. Kasini hutokana na maziwa, na unyevu ukidumu kuvu huila. Ndiyo maana hata Mosquito, ndege ya kivita ya mbao iliyoanza kwa gundi hiyo, ilihamia kwenye gundi za kemikali wakati wa vita. Fungua milango yote ya ukaguzi na kwanza unuse. Harufu ya uvundo ni ushahidi. Pima unyevu wa mbao: 8 hadi 12 kwa mia ni vizuri, ukikaribia 20 uozo unaanza. Gonga plaiwudi kwa nyundo ndogo ya plastiki usikilize pale sauti inapofifia, na jaribu kupitisha bamba jembamba la kupimia mwanya kwenye maungio. Likiingia, hakuna gundi hapo. Kwenye boriti, elekeza tochi kwa ubavu utafute mstari mwembamba unaokatiza nyuzi za mbao, hasa panapoishia vipande vya kuimarisha. Huo ni ufa wa kukandamizwa, mara nyingi wa ile siku bawa liligusa ardhi, na boriti yenye ufa huo haiwekwi gundi, inabadilishwa au kuungwa kwa mchoro ulioidhinishwa.

Inawaka ikiwa baridi, inagoma ikiwa na joto

*Injini yetu ya Gipsy Major huwaka mara moja asubuhi. Baada ya safari, haiwaki mpaka ipoe saa nzima. Kabureta tumeshaisafisha.*

Tazameni magneto, na kwanza kondensa, kile kifaa kidogo ndani yake kinachohifadhi umeme. Ikizeeka huvujisha umeme inapopata joto, cheche hufifia, na ikipoa hupona. Koili zenye insulesheni ya shelaki pia hulainika kwa joto. Pimeni zikiwa na joto, kwa kuzipasha kwenye benchi. Vipimo vya baridi vitawaambia kila kitu ni salama. Na magneto moja ikiwa hivyo, nyingine ina umri uleule. Zishushwe zote mbili.

Kupunguza nguvu wakati wa kushuka

*Mwalimu wangu wa DC-3 anakataza kufunga throto kabisa nikishuka. Ni kwa ajili ya silinda kupoa ghafla tu?*

Kupoa ni nusu yake. Throto ikifungwa kwa mwendo mkubwa, upepo huanza kuizungusha propela, na propela ikaizungusha injini. Mzigo kwenye beringi ya konrodi kuu hugeuka upande ambao utando wa oili haukujengwa, na ringi za pistoni huanza kutetema kwenye mifereji yake. Kanuni inayotumika ni inchi 1 (ya zebaki) ya mgandamizo wa manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, kwa kila mizunguko 100: ukiwa kwenye mizunguko 2,000, usishuke chini ya inchi 20. Maana yake mshuko hupangwa mapema, na anayechelewa kupanga azunguke tena.

Kwa nini mafuta ya mbarika?

*Injini za Le Rhône za Vita vya Kwanza bado hupewa mafuta ya mbarika. Si mazoea tu?*

Kwenye injini hizo silinda zote huzunguka pamoja na propela, na petroli na hewa hupitia tumboni mwa injini kabla ya kufika kwenye silinda. Oili ya madini ingeoshwa na petroli. Ya mbarika haichanganyiki nayo kwa urahisi. Inatumika mara moja na kutupwa nje, ndiyo maana kiwiliwili hulowa. Ikiachwa hukauka kama vanishi na kukwamisha valvu, basi ifuteni siku hiyohiyo, kwa spiriti, kwa kuwa huyeyuka kwenye alkoholi. Msiichanganye kamwe na oili ya madini kwenye tangi moja.

Kamba za mpira za magurudumu

*Kamba za mpira za Cub yangu hazijakatika. Nitajuaje umri wake?*

Katika ala ya kitambaa inayofunika kamba ya kiwango cha ndege kuna nyuzi za rangi. Zinaonyesha mwaka na robo ya mwaka ilipotengenezwa, nayo jedwali la rangi lipo kwa muuzaji. Ile isiyo na nyuzi hizo usiifunge. Kamba iliyolegea huonekana kwa bawa moja kuning'inia ndege ikiwa tupu, au kitambaa chake kuchanika na mpira kutokeza. Badilisha za pande zote mbili pamoja. Kila upande uwe na waya wa usalama unaozuia mguu usifunguke kamba ikikatika, na kifaa cha kuvutia kamba kifungwe imara kabla ya kuanza: kamba hiyo ikiponyoka huvunja vidole.